Kabla hamjatupa boksi la kaseti

Mhariri,

Naandika kutoka Drogheda, mashariki mwa Ireland, karibu na mto Boyne unapoingia baharini. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikilea wazee hapa. Najua gazeti lenu linasomwa na wengi wanaofanya kazi kama yangu huku Ulaya, na wengine wanaosafisha nyumba za marehemu kabla hazijauzwa. Barua hii ni yao hasa.

Nilimlea mzee mmoja aliyekuwa na maboksi mawili ya viatu yaliyojaa kaseti. Usiku mmoja usingizi ulimpaa, akaniomba nimwekee moja. Ikatoka sauti ya kijana mchangamfu akitangaza duka la mazulia, halafu akisoma salamu: kwa bibi fulani wa mtaa fulani anayetimiza miaka sitini leo, kutoka kwa wajukuu zake. Sisi tuliokulia kwenye kadi za salamu hatuhitaji kuelezwa kitu kama hicho. Mzee akanyoosha kidole kwenye mashine akasema, "Huyo ni mimi."

Kumbe alikuwa mtangazaji wa redio ya magendo kwa miaka mitano, kwa jina la bandia. Mchana alikuwa fundi umeme.

Wenyewe huziita redio za maharamia. Mimi naona neno letu la magendo linazifaa zaidi, maana nyingi hazikuwa baharini. Zilikuwa chumba cha nyuma cha duka au banda la bustani, na bidhaa yake kila mtu aliitaka. Redio ya dola ya Ireland, 2RN, ilianza tarehe 1 Januari 1926, na kwa zaidi ya miaka 60 hakuna mtu binafsi aliyepewa leseni ya kutangaza. Sheria ya kuwazuia wasio na leseni nayo ilikuwa ya 1926, na faini zake zilikuwa ndogo mno kumtisha mtu. Basi watu wakaunda mitambo, wakatundika waya, wakaingia hewani. Hapa Drogheda kulikuwa na Boyneside Radio. Portmarnock, kaskazini mwa Dublin, kulikuwa na Sunshine, iliyoanza 1980. Mwaka uliofuata ikaja Radio Nova ya Chris Cary, Mwingereza aliyewahi kutangaza akijiita Spangles Muldoon kwenye meli ya Radio Caroline, redio ya magendo iliyorusha matangazo yake kutoka baharini. Meli hiyo yenyewe iliandaliwa mwaka 1964 katika bandari ya Greenore, kwenye kaunti yetu hii ya Louth, na aliyeianzisha Caroline, Ronan O'Rahilly, alikuwa Mwailandi.

Tarehe 18 Mei 1983 maofisa wa serikali waliivamia Nova wakabeba mitambo yake. Watu waliingia barabarani kuandamana, na baada ya siku chache Nova ikarudi hewani. Watangazaji kadhaa wa enzi hizo walivuka wakaenda redio ya taifa na majina yao yakakua: Bryan Dobson, aliyekuja kusoma habari za televisheni ya taifa kwa miaka mingi, alipitia chumba cha habari cha Nova, Dave Fanning na marehemu Gerry Ryan nao walianzia kwenye redio za magendo za Dublin. Hao wanakumbukwa, na ni haki yao.

Lakini kwa kila mmoja aliyevuka, wako wengi waliobaki upande huu wa mto. Walitangaza asubuhi wakaenda kazini, au walitoka kazini wakatangaza mpaka usiku wa manane, kwa malipo kidogo au bila malipo kabisa. Wengi walitumia majina ya kubuni kwa sababu hawakutaka kuitwa mahakamani, au hawakutaka mwajiri ajue. Jina la bandia lililowakinga wakati ule ndilo linalowafuta sasa. Ukimtafuta mtu huyo kwenye orodha yoyote humpati, kwa kuwa hakuwahi kuwepo kwa jina hilo.

Kuna kisa kimoja ninachotamani kila mzungumzaji wa Kiswahili akijue. Magharibi kabisa mwa nchi, huko Connemara, wako watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiailandi. Redio ya taifa ilikuwa na vipindi vya lugha hiyo, lakini hakikuwepo kituo chao, kinachozungumza nao mambo yao wenyewe, yaani uvuvi, mashule, na vijana wanaohama. Pasaka ya 1970, wanaharakati wa haki zao walirusha matangazo bila kibali kutoka kijiji cha Ros Muc, wakakiita kituo chao Saor Raidió Chonamara, Redio Huru ya Connemara. Ilidumu siku chache tu. Hata hivyo serikali ilielewa ujumbe, na tarehe 2 Aprili 1972, Pasaka tena, ikafunguliwa Raidió na Gaeltachta, redio halali ya Kiailandi inayosikika mpaka leo. Kila ninapoifungulia nikiwa jikoni, ingawa naambulia maneno machache tu, nawafikiria waliokaa mbele ya mtambo ule wa kwanza wakijua kabisa kwamba polisi wanaweza kubisha hodi.

Mwisho wa Desemba 1988, kabla sheria mpya kali haijaanza kutumika, vituo vingi vilifunga. Mwaka 1989 redio za kwanza za binafsi zenye leseni zikaingia hewani, na baadhi ya watangazaji wakapata kazi huko. Wengine walizima mtambo, wakafunga mlango, basi.

Na hapa ndipo kaseti zinapoingia. Redio ya taifa haikuwa na sababu ya kuhifadhi sauti za wapinzani wake waliokuwa wanavunja sheria. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kile alichorekodi msikilizaji chumbani kwake, au mtangazaji mwenyewe aliyetaka kujisikiliza kesho yake. Kaseti moja ya dakika 90 inaweza kuwa ndiyo nakala pekee duniani ya jioni nzima ya mji.

Mzee wangu alifariki Februari. Chumba kilitakiwa kiwe wazi ifikapo jioni, na mimi zamu yangu ilikuwa ya usiku. Nilipofika, yale maboksi mawili yalikuwa yameshakwenda na takataka. Aliyeyatupa aliona kaseti kuukuu tu, na mimi niliyejua ni nini sikuwa nimemwambia mtu. Hilo linaniuma mpaka leo. Hapa Ireland redio za mitaa husoma matangazo ya vifo, kama tulivyozoea kuyasikia nyumbani. La kwake nililisikia kwenye gari: mume, baba, babu, fundi umeme. Juu ya redio, hakuna neno.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu mnaoshika vitu vya wazee hawa kabla watoto wao hawajavishika: mkikuta kaseti zilizoandikwa kwa mkono, tarehe na jina la kituo msilolijua, simameni kwanza. Ulizeni familia. Ziwekeni mbali na joto na unyevu, na msizijaribu kwenye mashine mbovu inayotafuna utepe. Familia ikiwa haizitaki, Chuo Kikuu cha Dublin City kina hifadhi maalumu ya redio za magendo za Ireland. Na msibandue lebo. Jina lililoandikwa pale, hata likiwa la kubuni, ndilo atakalotafutwa nalo.

Kaseti moja ya mzee wangu ilinusurika, ile iliyokuwa imebaki ndani ya mashine kando ya kitanda. Nilimkabidhi binti yake siku ya mazishi. Alinipigia simu baada ya wiki moja akaniwekea kipande. Baba yake anataja saa, mbili kasoro dakika ishirini usiku, anasema barabara ya Dundalk ina barafu, waendeshe polepole, anakohoa kidogo, kisha anaweka santuri.

Mlezi wa wazee,
Drogheda, Ireland