Anza na Yatokanayo: Barua kwa Diwani Mpya

Korogwe,
Tanga.

Mwalimu wangu mpendwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu mzee pamoja na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipokea kwa furaha, ingawa ilijaa manung'uniko. Unasema umehudhuria mkutano wako wa kwanza wa kawaida wa Baraza la Madiwani na ukatoka umenywea, kwa sababu mihtasari ya kamati zote ilipita katika muda mfupi, ukurasa baada ya ukurasa, wajumbe wakiitikia "imepokelewa", na uliponyoosha mkono kuuliza habari za choo cha soko ukajibiwa kwamba jambo hilo lilikwisha kujadiliwa kwenye kamati. Unauliza kama diwani wa viti maalumu ameitwa pale kupiga makofi. Kwa kuwa sehemu kubwa ya utumishi wangu niliipitisha kwenye meza ya karani wa vikao, nikiandika maneno ya waheshimiwa kabla wewe hujawa mmoja wao, nakuomba univumilie nikujibu kwa kirefu.

Hukuonewa, Mwalimu. Baraza la robo mwaka halikutani ili lianze kufikiri. Linakutana ili lithibitishe, likatae au lirudishe yale ambayo kamati zimekwisha kuyafikiria. Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo huongozwa na Mwenyekiti wa Halmashauri mwenyewe, hukaa kila mwezi, na hizo nyingine hukaa kila robo kabla ya Baraza. Huko ndiko wataalamu wanakobanwa kwa maswali, huko ndiko takwimu zinakokaguliwa, na huko ndiko diwani mwenye hoja anakoweza kumsimamisha mkuu wa idara nzima kwa nusu saa bila mtu kutazama saa ya ukutani. Anayetunza hoja yake ili aitoe siku ya Baraza, mbele ya wananchi na waandishi wa habari, atapigiwa makofi kweli, lakini asishangae asipoikuta hoja hiyo kwenye maazimio.

Nimeona pia kwamba hukufurahia kupangwa Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Kila diwani mpya hutamani ile ya Fedha, na siwalaumu. Kwa maoni yangu, hata hivyo, umepata kamati inayogusa mji kwa mikono yake: viwanja na migogoro yake, vibali vya ujenzi, soko, stendi, machinjio, dampo, makaburi, mitaro, na wafanyabiashara wanaopanga bidhaa kandokando ya njia. Mwananchi wa kawaida hajui kifungu cha bajeti, bali anajua kama gari la taka lilipita Jumatatu au halikupita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa nilitaka kukuandikia. Katika kila ajenda, baada ya kufungua kikao na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, kuna kipengele kinachoitwa yatokanayo. Wajumbe wengi hukipita mbio, kwa kuwa akili zao zimeshafika kwenye taarifa mpya. Mimi nakuomba uanzie hapo, na kama kabrasha, yaani lile fungu la nyaraka za kikao, ni nene na usiku ni mfupi, usome hapo tu. Kipengele hicho ndicho kinachoonyesha Halmashauri iliahidi nini na imetekeleza nini, na kwa kawaida huwekwa katika jedwali lenye safu za azimio, utekelezaji na maoni. Katika halmashauri moja niliyowahi kuitumikia, gari la taka liliharibika na kamati ikaazimia litengenezwe. Kikao kilichofuata, safu ya utekelezaji ilisomeka: "Utekelezaji unaendelea." Kilichofuata tena, maneno yalikuwa yale yale, na ndivyo ilivyoendelea hadi baadhi ya madiwani wakamaliza muda wao, na taka zikawa zinabebwa kwa trekta la kukodi ambalo gharama yake ilikuwa ikilipwa kutoka kifungu kingine kabisa. Hakuna aliyedanganya, kwa maana utekelezaji ulikuwa unaendelea kweli. Fundi alikuwa ameitwa, vipuri vilikuwa vimeulizwa bei, barua ilikuwa imeandikwa. Kilichokosekana ni mjumbe mmoja wa kuuliza unaendelea wapi, kwa fedha gani, na utakwisha lini.

Azimio hufa kwa sababu limezaliwa bila wazazi. Mwenyekiti anapotaka kufunga mjadala, omba itamkwe ni idara gani itakayolitekeleza, kwa tarehe ipi, na kwa fedha za kifungu kipi, kisha umwangalie karani mpaka kalamu yake itulie. Asipoandika siku ile, hutaweza kumwandikisha baadaye, maana muhtasari unapoletwa kuthibitishwa unaruhusiwa kusahihisha kumbukumbu tu, si kufungua mjadala upya. (Nimeona waheshimiwa wakiitumia nafasi hiyo adhimu kusahihisha tahajia ya majina yao, kisha wakakaa wameridhika.) Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba ahadi hupotea haraka kuliko mali.

Kabrasha lenyewe linapaswa kukufikia siku kadhaa kabla ya kikao, na Kanuni za Kudumu za halmashauri yenu zitakuambia ni siku ngapi. Siku hizi halmashauri nyingi zimewapa madiwani vishikwambi, kwa hiyo kisingizio cha mashine ya kurudufisha kuharibika kimepungua nguvu, ingawa tabia ya kuleta nyaraka usiku wa kuamkia kikao haijapungua kiasi hicho. Likichelewa, usinung'unike kwenye korido. Lisemee ndani ya kikao, kwa adabu, liingie kwenye muhtasari, na utaona kikao kinachofuata linafika mapema.

Kuhusu fedha sitakuchosha, kwa kuwa utapata semina, na semina zina chai. Nitagusa mambo mawili. La kwanza ni makusanyo. Ushuru wa soko, wa stendi na wa machinjio sasa hukusanywa kwa mashine za POS, zile za mkononi za kutolea risiti, na kila mkusanyaji anadaiwa kuzipeleka benki fedha alizokata risiti. Taarifa itakuonyesha kiasi kilichokusanywa. Wewe uliza kiasi kilichofika benki, na uliza orodha ya wenye madeni kwenye mashine. Kati ya tarakimu hizo mbili ndipo yanapokaa yale yanayoitwa matumizi ya fedha mbichi, yaani fedha kutumiwa kabla ya kupelekwa benki, na ndipo zinapotokea hoja nyingi ambazo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwaletea, kisha mnaitishiwa Baraza maalumu la kuzijibu. Diwani aliyekuwa akiuliza kila robo hatafuti pa kujificha siku hiyo. La pili ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo tangu mwaka 2018 sheria inaagiza itengwe kwa mikopo isiyo na riba, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabaya, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Wanawake wa mjini kwenu watakufuata wewe kwa jambo hili kuliko jambo lingine lolote, kwa hiyo lijue vizuri, na usikubali hata siku moja kumwandikia mtu kikaratasi cha kumpendekeza.

Kuna mambo utakayodaiwa ambayo hayamo mikononi mwako, na ni vyema uyajue mapema ili usiahidi. Barabara za mitaa zilihamishiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Meneja wao atakuja barazani kutoa taarifa, na mnaweza kumhoji mpaka atoke jasho, lakini bajeti yake hamuigawi ninyi. Kodi ya majengo nayo iliondoka. Tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, na mwenye nyumba anayekuuliza fedha yake imefanya nini mtaani anauliza swali la haki ambalo Halmashauri haiwezi kulijibu peke yake. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiofika tani moja ukasamehewa. Lilikuwa jambo jema kwa mkulima mdogo, ila wajanja nao wakajifunza kuugawa mzigo wa lori katika gari ndogo ndogo. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, si na Baraza, ingawa Baraza ndilo mamlaka ya nidhamu kwa watumishi wengi walio chini yake, na walimu, kama ujuavyo mwenyewe, wana Tume yao ya Utumishi.

Usivunjike moyo kwa hayo. Nchi hii iliwahi kujaribu kuishi bila halmashauri kabisa. Zilifutwa mwaka 1972, kazi zake zikapelekwa kwa serikali ya mkoa na wilaya, na miji ikachakaa, takataka zikarundikana, kipindupindu kikaingia, hata ikalazimu mabaraza ya miji yarudishwe mwaka 1978, kisha sheria kamili zikatungwa mwaka 1982, na ile Namba 8 inayohusu mamlaka za miji ndiyo inayokuweka wewe kwenye kiti hicho. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Sijui kiongozi mwingine aliyelisema jambo kama hilo waziwazi vile.

Turudi kwenye choo chako cha soko. Kwanza, fahamu kinaendeshwa na nani. Kama kuna mzabuni, uliza mkataba wake unakwisha lini, anadaiwa kiasi gani, na ni nani katika idara anayekagua usafi, kwa sababu mara nyingi mkataba unataja maji na sabuni waziwazi ila hakuna aliyewahi kwenda kutazama. Kama tatizo ni kiwango cha malipo, basi jua kwamba ada zimo katika sheria ndogo, na sheria ndogo haibadilishwi kwa hasira za kikao kimoja: wananchi hutangaziwa ili watoe maoni na pingamizi, Baraza hupitisha, rasimu hupitia kwa Mkuu wa Mkoa hadi kwa Waziri, na hutumika baada ya kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ni safari ndefu, na afadhali uianze mwaka huu kuliko mwaka wa uchaguzi. Pili, lipitishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata unakoishi, ambayo wewe ni mjumbe wake, ili lipande likiwa na muhtasari wa kata na wa mtaa nyuma yake. Hoja iliyotoka kwa mama ntilie katika mkutano wa mtaa, ikaandikwa na mtendaji wa mtaa, ikapita kwenye kata, haiwezi kujibiwa kwamba ni maneno ya diwani mmoja. Tatu, wasilisha swali lako kwa maandishi kabla ya mkutano kama Kanuni zinavyotaka, maana swali la maandishi hujibiwa kwa maandishi, na jibu la maandishi hurudi kwenye yatokanayo.

Kuna neno moja la tahadhari kuhusu vikao vya madiwani wa chama vinavyotangulia Baraza. Huko nako mengi huamuliwa, na si siri kwa mtu yeyote aliyekaa kwenye meza niliyokaa. Hudhuria, sema, na ukishindwa kwa hoja ukubali. Lakini usikubali kwamba yaliyosemwa huko yanafuta haki yako ya kuuliza utekelezaji barazani. Kuuliza azimio lilifikia wapi si kumpinga mtu.

Na wataalamu usiwatukane. Nimeshuhudia diwani akimfokea ofisa afya mbele ya watu, akashangiliwa, na mwaka mzima uliofuata hakupata takwimu hata moja kwa wakati, kila mara akiambiwa kwa heshima kubwa kwamba zinaandaliwa. Ofisa mwenye siku zake za kustaafu mbele ana subira kuliko diwani mwenye miaka mitano. Muulize swali fupi lenye tarakimu, umshukuru, kisha uliulize tena robo inayofuata kwa maneno yale yale.

Ukinijibu, niambie Kamati yako inakutana lini na ajenda zake ni zipi. Nyaraka za kamati zenyewe usinitumie, kwa kuwa vikao vile si vya hadhara na mimi sasa ni raia tu. Nitatosheka na kabrasha la Baraza, ambalo naweza kulizungumza nawe bila kukuingiza matatani.

Nakutakia kazi njema na afya njema, wewe na nyumba yako yote.

Wako wa siku zote,
Karani mstaafu.