Miezi 264 ya mke wangu itahesabiwa kwa mshahara upi?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya serikali hapa Arua, Uganda, na mke wangu anafundisha shule ya msingi. Kwa hiyo nyumba yetu yote inakula kwa serikali. Tangu tulipopata habari kwamba inaandaliwa sheria mpya ya watumishi wa umma nao kukatwa mshahara kwa ajili ya mfuko wa pensheni, shilingi 5 katika kila 100, na serikali iongeze 10, ofisini kwa walimu hakuna mazungumzo mengine. Hata Arsenal imepumzishwa.

Niseme mapema kwamba sipingi kuchangia. Wenzetu wa kampuni binafsi wanachangia NSSF, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, kwa viwango hivyohivyo, na mtu anajua mwaka hadi mwaka ana kiasi gani. Sisi tunasubiri pensheni itoke hazina, tukiomba Mungu hazina iwe na kitu siku hiyo. Mfuko wenye akaunti yenye jina langu ningeupokea kwa mikono miwili. Kinachonikosesha usingizi ni jambo moja ambalo sijaona likielezwa popote.

Jumapili iliyopita mke wangu alichukua karatasi ya mtihani iliyobaki, akaigeuza, akapiga hesabu upande wa nyuma. Kanuni ya pensheni yetu ni rahisi, ila wengi hatuijui mpaka mwaka wa kustaafu: unachukua miezi uliyotumikia, unaizidisha kwa mshahara wa mwisho, unagawanya kwa 500. Yeye ana miezi 264. Mshahara wake ni laki tano kasoro kidogo; tuuite laki tano. Laki tano ukizigawanya kwa 500 unapata elfu moja. Basi kila mwezi aliosimama mbele ya watoto themanini, sauti ikikauka kwa vumbi la chaki, umemwekea pensheni ya shilingi elfu moja kwa mwezi. Kwa hesabu ya leo ana 264,000. Theluthi yake, yaani 88,000, hulipwa ya miaka 15 kwa mkupuo mmoja kama kiinua mgongo, jumla 15,840,000. Zinazobaki, 176,000, ni za kulipwa kila mwezi. Si utajiri, lakini ni bati za nyumba na ada ya kitinda mimba.

Sasa tazama neno moja katika kanuni hiyo: mshahara wa mwisho. Sheria mpya ikianza yeye akiwa bado kazini, hiyo miezi 264 ya nyuma itahesabiwa kwa mshahara upi? Huu wa leo, au ule atakaokuwa anapata siku anapofikisha miaka 60? Tumeahidiwa nyongeza mara nyingi. Tuseme siku moja ahadi itimie na mshahara wake ufike milioni moja. Kwa kanuni ya sasa, miezi ileile ina thamani ya 528,000 kwa mwezi. Lakini ikifungwa leo kwa mshahara wa leo, itabaki 264,000, na bei za sokoni zitaendelea kuitafuna mpaka astaafu. Nusu ya jasho la miaka 22 inaweza kupotea katika kifungu kimoja cha sheria, na asipatikane hata mtu mmoja wa kuitwa mwizi.

Nimeuliza kwa viongozi wa chama cha walimu, nikamuuliza na afisa utumishi tunayemfahamu. Wote wananipa jibu moja: haki ambazo mtumishi amekwisha kuzipata zitalindwa. Vizuri. Zitalindwa kwa bei ya mwaka gani?

Kuna na hii ya mfukoni. Karatasi ya mshahara ya mke wangu ya mwezi uliopita ninayo hapa mezani. Kodi peke yake imechukua karibu 52,000. Mkopo wa benki, tuliouchukua kumpeleka mtoto wa kwanza chuoni, umechukua 137,000. Zilizofika nyumbani ni 311,000. Ukitoa 25,000 za mfuko, zinabaki 286,000, na benki haitapunguza hata senti kwa kuwa Bunge limepitisha sheria. Tena wale wa NSSF hukatwa kodi juu ya mshahara wote, pamoja na ile tano wanayochangia. Na sisi tutatozwa kodi juu ya fedha ambayo hatujaishika? Hilo nalo lisemwe. Kama nia ni njema, mshahara upandishwe kwanza kwa kiasi kilekile kitakachokatwa, ndipo makato yaanze.

Wakubwa watasema hazina haina kitu. Julai 2022 ilikuwa nacho: mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi milioni 4, na mimi nikabaki na kama robo yake. Mwezi huohuo Baraza la Mawaziri likaagiza Kiswahili kiwe somo la lazima. Nikawa mwalimu wa lazima mwenye mshahara wa hiari. Walimu waligoma mwaka huo, wa masomo ya sanaa wakagoma tena 2025, na sina haja ya kurudia ya mgomo hapa. Sigombani na mwenzangu wa fizikia. Tunakaa meza moja na ndiye anayeninunulia chai.

Nirudi kwenye mfuko, kwa sababu mfuko wowote utasimama juu ya kumbukumbu, na kumbukumbu zetu tunazijua. Marehemu baba yangu alikuwa askari magereza. Kiswahili hiki ninachokifundisha nilikiokota kambini kwake. Alipostaafu alipanda basi la usiku kutoka hapa, akavuka mto Nile pale Karuma, akaingia Kampala alfajiri na mfuko wa unga wa muhogo kwa ajili ya ndugu wa kufikia. Katika ofisi moja aliambiwa, "Mzee, faili lako linatembea." Akarudi. Akaenda tena. Faili likatembea kuliko yeye, na yeye goti lilikuwa limekwisha. Mwisho ikabainika kwamba kinachokosekana ni barua yake ya kwanza ya ajira, na nakala mama akaikuta kwenye sanduku la bati, imekunjwa ndani ya kadi yangu ya chanjo.

Siku hizi mambo ya pensheni yako wilayani, mtu halazimiki kulala kwenye basi, na hilo nalipongeza. Lakini majuzi tu, katika uhakiki wa majina, mwenzetu alisimamishiwa mshahara miezi minne kwa sababu mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa ulipishana kwa mmoja na ule wa kwenye faili. Mtu tunayemwona kila asubuhi akipiga kengele! Tulimchangia unga. Sasa najiuliza: mfuko ukiwapo, ile miezi minne ungemwekea nini? Na mshahara ukichelewa, zile 10 za serikali zitachelewa na nani atalipa faida iliyopotea? Kama serikali haitaleta 10 zake kwa wakati, mfuko utakuwa ni zile 5 zetu tu zilizobadilishiwa jina.

Katiba ya 1995, ibara ya 254, inasema pensheni ilingane na cheo, mshahara na muda wa utumishi, isitozwe kodi, ipitiwe mara kwa mara kulingana na thamani ya fedha, na ilipwe kwa wakati, kwa mfululizo, bila kumsumbua mstaafu kuipata. Ninachoomba hakizidi hapo. Miezi iliyokwisha kutumikiwa ihesabiwe kwa mshahara wa siku ya kustaafu, na iandikwe hivyo ndani ya sheria yenyewe, si katika waraka ambao afisa mwingine ataufuta kwa waraka. Kila mtumishi apewe kila mwaka karatasi ya kumwonyesha kilichoingia, chake na cha serikali.

Jina langu nakuomba usilichape, kwani kanuni zetu hazipendi mtumishi aandikie magazeti bila ruhusa.

Ile karatasi ya hesabu mke wangu ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Kila kitu kimejazwa isipokuwa mahali pa mshahara wa kuhesabia ile miezi 264. Hapo Wizara ya Utumishi wa Umma itujazie, kwa maandishi, kabla wabunge hawajapiga kura.

Mwalimu wa Kiswahili,
Arua