Matumbawe ya pwani ni ya Dodoma pia

Mhariri,

Kila habari ya matumbawe ya pwani kugeuka meupe, dalili kwamba joto la maji linayaumiza, inapotajwa hapa Dodoma, nasikia majibu mawili. La kwanza: matumbawe yamekuwapo mamilioni ya miaka, yamepita katika joto kali kuliko hili, yatajirudi yenyewe. La pili: hata yasiporudi, hayo ni ya watu wa Mafia na Unguja. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, na majibu yote mawili nayakataa kwa ushahidi wa mawe.

Mawe tunayoyaona sisi, kama yale ya Mlimwa, ni graniti iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Humo hukuti tumbawe wala gamba la konokono, ndiyo maana wanafunzi wetu huona habari za mawe ya chokaa kama za nchi nyingine. Lakini saruji nyingi inayoijenga nchi hii hutokana na chokaa ya pwani: Wazo, Tanga, Mtwara. Chokaa ya Tanga, ambamo maji yamechonga mapango ya Amboni, ni ya enzi ya Jurasiki, kati ya miaka milioni 200 na 145 hivi iliyopita, wakati bahari ilipokuwa ikiingia kati ya Afrika na Madagaska zikitengana.

Chokaa ya aina hii haikumwagwa na volkano wala kuletwa na mto. Ilijengwa na viumbe hai. Matumbawe, mwani, kome na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huchukua kalsiamu na kaboneti majini, hujenga magamba, hufa, na wengine hujenga juu yao. Sakafu ya bahari ikizama taratibu, wajenzi nao hupanda, kwa sababu wengi wao hutegemea mwanga wa jua. Hivyo hutokea jukwaa la chokaa, tambarare juu na lenye kingo kali pembeni. Jukwaa la Bahamas limejengwa hivyo hadi unene wa kilomita kadhaa, na bado juu yake maji ni ya kina kifupi.

Sasa jambo ambalo natamani kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alijue. Mwaka 1981 mwanajiolojia Wolfgang Schlager alionyesha kitendawili. Miamba ya matumbawe yenye afya huweza kupanda kiasi cha mita 1 kwa miaka 1,000, huku sakafu ya bahari kwa kawaida ikizama sentimita 1 hadi 10 tu kwa muda huohuo. Kwa hesabu hiyo jukwaa halipaswi kuzidiwa na maji hata siku moja. Hata hivyo dunia imejaa majukwaa yaliyokufa na kufunikwa na tope la bahari kuu. Jibu lake ni kwamba mara nyingi wajenzi waliugua kwanza. Maji yalipata joto kupita kiasi, au yalipungukiwa oksijeni, au yalijaa tope na virutubisho kutoka nchi kavu. Virutubisho vikizidi, mwani laini na viumbe vinavyotoboa mawe hustawi, mwanga hupungua, na ujenzi husimama. Maji hufunika jukwaa ambalo tayari limeacha kukua.

Mfano mmojawapo ulianzia barani kwetu. Miaka milioni 183 hivi iliyopita, volkano za Karoo kusini mwa Afrika, ambazo lava yake bado imekaa juu ya milima ya Lesotho, zilimwaga hewa ukaa nyingi angani. Dunia ikapata joto, mvua zikamomonyoa mabara kwa nguvu zaidi, sehemu za bahari zikakosa oksijeni. Majukwaa ya chokaa ya Moroko na ya kusini mwa Ulaya yakadhoofika, mengine yakafa kabisa.

Wanaosema matumbawe hurudi wanasema kweli nusu. Baada ya maangamizi makubwa ya viumbe ya miaka milioni 252 iliyopita, dunia ilikaa miaka milioni kadhaa bila miamba ya matumbawe, na yaliyokuja baadaye yalikuwa ya kundi jingine. Yale ya kale hayakurudi. Mvuvi wa Mafia, aliyeona joto la mwaka 1998 likiua matumbawe mengi, hawezi kuambiwa asubiri muda huo. Na safari hii mambo yanakwenda haraka: hewa ukaa imepanda kutoka sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa hadi zaidi ya 420 ndani ya karne mbili na ushei tu.

Joto la dunia halizimwi Dodoma. Tope, hata hivyo, linatuhusu moja kwa moja. Mto Kinyasungwe huchukua maji ya huku hadi Wami, na Wami humwaga baharini karibu na Saadani. Kisigo hupeleka yake Ruaha Mkuu na hatimaye Rufiji, inayotazamana na Mafia. Mabwawa ya njiani huzuia sehemu kubwa ya tope hilo, lakini bwawa linalojaa mchanga nalo ni hasara yetu. Mkoa huu unajua kuhifadhi udongo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoharibika, hadi makorongo yakaota nyasi tena. Ilikuwa hatua chungu kwa wafugaji. Leo tunasafisha miteremko kwa ajili ya viwanja na kuchimba mchanga kwenye makorongo kana kwamba hatujapata kujifunza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni ukurasa wa jiolojia kwa Kiswahili, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Wataalamu tunao hapahapa: makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yako Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha sayansi za dunia. Waanze na udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, ambao magamba madogo ya viumbe vya bahari yaliyomo yametumiwa kukadiria hewa ukaa ya miaka milioni 34 iliyopita. Wakiandika, nitabandika kila makala kwenye ukuta wa darasa langu.

Mwalimu wa Jiografia,
Dodoma