Mama Neema, mtoto wako hajajua bado kama kuna usiku

Goma, Jumapili jioni

Mama Neema wangu,

Jambo sana. Huku tuko wazima, Papa Espoir amepona ile malaria, Mungu asifiwe. Nguo za mtoto nimempa Da Furaha, anapanda boti Jumatano. Mtume mtu bandarini ampokee.

Sasa ile sauti uliyonitumia. Nimeisikiliza mara tatu. Saa tisa ya usiku unalia, na nyuma yako namsikia mama mkwe akisema mtoto anayeshinda amelala na kukesha usiku si bure, ana kitu.

Hana kitu. Ana wiki tano! Tumboni usiku aliujua kupitia damu yako tu, ndiyo iliyompelekea melatonini, ile homoni ya usingizi. Ya kwake itaanza kuja vizuri akikaribia miezi mitatu. Kwa sasa anaweza kulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini vipande vipande: saa mbili, saa tatu, njaa inamwamsha. Tumbo lenyewe dogo, na maziwa yako yanasagika upesi. Kwa hiyo uji ambao mama mkwe anataka kumpa hautamlaza, utamuumiza tu. Mkatalie kwa adabu, au Papa Neema aseme, yeye ni mwanawe.

Mchana fungua madirisha, mtoto akae penye mwanga, watu waongee, masufuria yagongane. Usiku usimmulike na simu, usimchezeshe. Mnyonyeshe kimya, umrudishe. Na usiache kumnyonyesha usiku, maana maziwa ya usiku yana hiyo melatonini, ya mchana karibu hayana.

Tena kuna hili. Espoir alipokuwa mchanga alikuwa anaguna, anakunja uso, anarusha mikono, nami namnyanyua palepale. Kumbe amelala! Karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga uko hivyo, macho yanacheza chini ya kope. Wiki nyingi nilimwamsha mimi mwenyewe, hadi muuguzi mmoja akaniambia nihesabu pumzi zangu kumi kabla ya kumgusa. Iliniuma, kwa sababu tulikuwa tumechoka wote wawili bure.

Lakini kilichoninyima usingizi mimi ni neno ulilolipitia haraka: kwamba baridi ikizidi mnaingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani na kufunga mlango. Mama Neema, itoe. Itoe leo. Makala yakishakuwa mekundu hayatoi moshi, ndiyo maana watu wanayaamini, na sumu iliyo kwenye hewa yake haina harufu. Inawakuta watu wamelala. Najua baridi ya Bukavu, nimelala kwako mwezi wa saba, lakini mvalishe tu nguo moja zaidi ya zile ulizovaa wewe, halafu mguse kifuani au nyuma ya shingo. Viganja vyake vitakudanganya, huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha.

Alale chali, kwenye godoro lisilobonyea, karibu na kitanda chako, bila mto, na kikwembe cha kumfunika kisifike usoni. Mama mkwe atasema atapaliwa. Hapaliwi. Marekani walipoanza mwaka 1994 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, vile vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua karibu nusu katika miaka iliyofuata.

Akiwa na homa, au akatae ziwa, au ushindwe kumwamsha, usingoje asubuhi, nendeni hospitali.

Wewe je, unakula? Sombe unapikiwa, au ni wewe unayetwanga? Mchana akilala, unalala naye au unafua? Papa Neema anaamka usiku, hata kumbadilisha tu? Dada yako wa Kadutu hawezi kuja siku mbili? Na ile mbabula, mmeitoa? Nijibu hilo kwanza, hata kwa neno moja, kabla hamjalala.

Wako,
Mama Espoir