Risala ya wanafunzi watafiti wa kinga ya VVU kwa vijana, mbele ya Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Mlezi wa chama chetu,
Wahadhiri, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha, Mheshimiwa. Tunajua una majukumu mazito na barua yetu ilikufikia ikiwa imechelewa. Umekuja hata hivyo, na kwetu hilo ni jambo kubwa.

Chama chetu kilianzishwa na wanafunzi saba waliobaki darasani baada ya somo la jioni. Walitaka vijana washiriki kutafuta majibu kuhusu VVU, wasiishie kuhojiwa na kuhesabiwa tu. Mengine ya historia yetu ni marefu, nasi hatutaki kukuchosha.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeendesha midahalo sita, na katika ule wa mwisho ukumbi ulijaa hadi watu wakasikilizia mlangoni. Tumeanzisha maktaba ya rejea ambayo tayari ina rafu mbili. Wanachama wote wamepata mafunzo ya maadili ya utafiti, kuanzia Azimio la Helsinki la 1964, mwongozo wa kimataifa wa utafiti wa tiba unaohusisha binadamu, hadi namna ya kuomba ridhaa kwa mshiriki aliye chini ya miaka 18. Na zaidi ya yote, tumepeleka wanafunzi nje ya nchi kwa wiki kumi za utafiti wa vitendo, jambo ambalo halijawahi kufanyika katika chuo hiki.

Walikubaliwa watano. Walikwenda wawili. Hapo ndipo penye shauri letu, Mheshimiwa, na tunaomba utuvumilie tukae hapo kwa muda.

Huenda mtu akauliza, kwani lazima kwenda nje? Tujibu kwa kisa kimoja. Mwenzetu wa mwaka wa tatu alipofika kwenye taasisi iliyompokea, alikuwa na dodoso lake tayari. Swali la nne liliuliza: “Je, unatumia kondomu kila mara?” Msimamizi wake hakulifuta. Alimpeleka mbele ya baraza la ushauri la vijana, kundi la vijana wa rika lake ambao husoma kila dodoso kabla halijapelekwa kwenye kamati ya maadili. Binti mmoja alilisoma, akasema: “Hapa nitakujibu ndiyo, kwa sababu naona unataka ndiyo.” Swali lile liliandikwa upya mara sita. Likaja kuwa: “Mara ya mwisho ulipokutana na mwenzi wako, mambo yalikwendaje?” Mwenzetu anasema majibu yalianza kuwa marefu, na ndani ya marefu hayo ndipo ukweli ulipokuwa. Sisi hapa hatuna baraza kama hilo. Yeye sasa ndiye anayetusaidia kuliunda.

Hili si jambo dogo. Katika utafiti wa VOICE uliofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, na matokeo yake kutangazwa 2013, wanawake wengi walisema wanatumia dawa kinga waliyopewa. Damu yao ilipopimwa, kwa walio wengi dawa haikuonekana. Wanawake wale hawakuwa watu wabaya. Waliona aibu, waliogopa wenzi wao, waliogopa kuonekana na dawa za VVU nyumbani. Watafiti walijua kuhesabu vidonge. Kilichowapita ni namna ya kuuliza ili waambiwe kweli.

Leo sayansi imetufikisha pazuri. Utafiti wa PURPOSE 1, uliofanyika Afrika Kusini na Uganda na matokeo yake kutangazwa 2024, ulihusisha wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliopangiwa lenacapavir, sindano ya kinga ya VVU inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza sindano hiyo. Lakini sindano humkinga yule aliyekuja kuchomwa. Kijana gani atakuja, nani atamzuia, atarudi miezi sita baadaye au hatarudi? Maswali hayo yanahitaji watafiti wa umri wake, waliofundishwa vizuri. Ndiyo kazi ya wenzetu watatu waliobaki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka miwili iliyopita, katika ukumbi huu huu, mgeni rasmi wa siku ile aliahidi gharama za wanafunzi wote watano. Tulipiga makofi, na wazazi wengine walilia. Tulifuatilia mara nne. Mara ya kwanza tuliambiwa faili liko mezani. Mara ya pili limehamishiwa ofisi nyingine. Mara ya tatu mhusika yuko safarini. Mara ya nne tuliombwa tuandike barua upya. Tuliiandika. Wale wawili walikwenda kwa mkopo wa ndugu zao, ambao mpaka leo wanaulipa.

Mmoja wa waliobaki yuko nasi hapa, mstari wa pili. Barua yake ya kukubaliwa ameihifadhi kwenye bahasha ya plastiki. Tarehe yake ya kuripoti ilipita akiwa hosteli, begi limeshafungwa. Taasisi ile, kwa wema wao, imewafungulia tena nafasi hizo tatu, lakini inataka uthibitisho wa fedha kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Viza haiombwi bila uthibitisho huo, na kibali cha maadili cha utafiti wao nacho kina ukomo.

Tunachoomba ni nauli ya ndege, bima ya afya, ada za viza na fedha za kujikimu kwa wanafunzi watatu kwa wiki kumi. Mchanganuo umo kwenye bahasha utakayokabidhiwa na katibu wetu, mstari kwa mstari, nasi tuko tayari kukaguliwa.

Tuna ombi la pili, na tunalitoa kwa unyenyekevu mkubwa. Chochote utakachoridhia leo, tunaomba kiandikwe na kitiwe saini kabla hujaondoka, kikitaja ofisi itakayotekeleza na tarehe. Kalamu na karatasi viko mezani. Na kama haiwezekani, Mheshimiwa, tunaomba utuambie leo hii hii, maana tukijua mapema bado tuna wiki chache za kubisha hodi kwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.