Kwa shoga yangu, kuhusu usql

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama goti limempoa, anakusalimu sana.

Umeniandikia kwamba ofisini mmerithi kanzidata tatu (yaani mifumo ya kuhifadhi data): wanafunzi wako kwenye MySQL, hesabu za ada PostgreSQL, na vitabu vya maktaba kwenye faili la SQLite ndani ya kompyuta ya mkutubi. Nimekuhurumia. Mimi nilikuwa nashinda nikiandika `\dt`, amri ya PostgreSQL ya kuorodhesha majedwali, ndani ya MySQL, inanikatalia, nakumbuka `SHOW TABLES`. Nikihamia SQLite nayo inataka `.tables`.

Sakinisha usql. Ni programu huria ya terminali (lile dirisha la kuandika amri), imeandikwa kwa lugha ya Go, na amri zake zimefuata zile za psql, programu ya amri ya PostgreSQL. Unaipa anwani tu: `pg://` ni PostgreSQL, `my://` ni MySQL, `sqlite3:` ni faili lako. Ukishaingia, `\dt` inaorodhesha majedwali popote ulipo, na `\c` inakuhamishia kanzidata nyingine bila kutoka.

Kilichoniteka hasa ni `\copy`. Unaitajia anwani ya kutoka, anwani ya kwenda, swali la SQL (lugha ya kuulizia kanzidata) na jedwali la kupokea, basi. Mwezi uliopita nilihamisha hivyo orodha nzima ya wanachama wetu kutoka MySQL hadi PostgreSQL. Zamani ningetoa CSV (faili la maandishi yaliyotengwa kwa mkato), niipitishe Excel, na sifuri ya mwanzo ya kila namba ya simu ingeliwa njiani. Safari hii zote zilifika. Jedwali la kupokea nililitengeneza kabla, na safu ya simu nikaifanya maandishi, si namba. Hilo usilisahau, shoga.

Ila SQL yenyewe haikutafsirii. Swali lenye `LIMIT 10`, yaani nipe safu mlalo kumi tu, SQL Server (kanzidata ya Microsoft) hailielewi, yenyewe inataka `TOP`. Kila kanzidata na lahaja yake, kama Kimtang'ata chetu na Kiunguja.

Na nakusihi, nywila usiiandike ndani ya anwani. Terminali inatunza kumbukumbu ya unachoandika, na atakayekalia kiti chako ataiona. Iweke kwenye faili la `.usqlpass` katika folda yako ya nyumbani, kisha ulifunge kwa `chmod 600` ulisome wewe peke yako.

Anza na ile ya mkutubi, lakini faili lake linakili pembeni kwanza. Ukikwama nipigie baada ya isha, watoto wakishalala.

Ni mimi shoga yako