Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Ushahidi wa kiasi gani utatosha?

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: DAWA YA KUZUIA DAMU IKAE LEBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika hadharani kwa kuwa barua za ndani zinajibiwa kwa sentensi ileile: kamati ya hospitali inasubiri ushahidi zaidi kabla ya kuruhusu dawa hii itoke stoo ikae leba. Mbele ya wauguzi wote uliahidi suala hili litaisha kabla ya masika. Masika yamepita.

Wiki iliyopita, usiku, mama mmoja alijifungua salama, kisha damu ikagoma kukata. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, tulimpa, na kizazi tulikikanda. Kanga aliyokuja nayo ililowa, tukaweka ya pili, nayo ikalowa. Asidi ya traneksamiki, ndiyo hiyo dawa ya kuzuia damu ninayoiandikia, ilikuwa stoo, na mwenye ufunguo yuko wodi nyingine. Mwenzangu alishuka ngazi mbio na fomu mkononi, mimi nikabaki na mama anayeniuliza mbona anasikia baridi. Amepona, namshukuru Mungu, ila ndugu zake walitoka Mbagala usiku ule kuja kumtolea damu.

Daktari, ushahidi ulishakuja. Utafiti wa WOMAN wa 2017 uliipima dawa hii kwa akina mama 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua, katika nchi 21, Tanzania ikiwemo. Waliokufa kwa kutoka damu walikuwa asilimia 1.9 bila dawa, na 1.5 kwa waliopewa. Kamati inasema tofauti ni ndogo, na kwamba vifo vya sababu zote havikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Ni kweli, ukitazama utafiti huo peke yake. Lakini mwaka uliofuata takwimu zake ziliunganishwa na za utafiti wa CRASH-2, ulioipima dawa hiyohiyo kwa majeruhi, jumla watu 40,138, mgonjwa mmoja mmoja. Ikaonekana kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida ya dawa kwa asilimia 10, na zikipita saa 3 faida haipo tena. Dawa ya namna hiyo ndiyo tunayoifungia stoo!

Kikaoni tuliambiwa kuna utafiti wa 2023 uliokuta haisaidii. Huo ni WOMAN-2, na ulipima kitu kingine: kumkinga mama mwenye upungufu wa damu kabla hajaanza kuvuja. Mama yetu alikuwa anavuja tayari.

Tahadhari yenu naiheshimu. Tafiti ndogo za magnesiamu kwa wagonjwa wa moyo zilipojumlishwa zilileta matumaini makubwa, mpaka utafiti mkubwa wa ISIS-4 wa 1995, wenye wagonjwa zaidi ya 58,000, ukakuta haina faida. Sisi hatujumlishi tafiti ndogo. Na kusubiri nako kunaua. Streptokinase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ilishajionyesha kwamba inaokoa wenye mshtuko wa moyo kufikia 1973, baada ya tafiti 8. Zikafanywa nyingine 25 hadi 1988, na maelfu ya wagonjwa wakawekwa upande usiopewa dawa.

Basi semeni, kwa maandishi, kabla utafiti mwingine haujatoka: akina mama wangapi, tofauti kiasi gani, tafiti ngapi, ndipo kamati iseme inatosha? Kama kipimo hicho kipo, tuonyesheni. Kama hakipo, kamati haisubiri ushahidi, inasubiri tu, na wanaolipia ni akina mama wa zamu ya usiku.

Na wakati mnaandika, naomba ampuli (vichupa) chache za dawa hii ziwe kwenye trei ya dharura. Leba, Daktari, si stoo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi
Dar es Salaam